Kampala ziwa halionekani, ulifuate wapi na saa ngapi? Jibu kwa dada aliyetoka Kigoma

Swali lenyewe kwa ufupi: dada mmoja amehamia Kampala kikazi akitokea Kigoma, anaishi Kireka na watoto wake wawili, mmoja miaka sita mwingine tisa. Anasema nyumbani alikuwa anafungua mlango tu analiona ziwa, hapa anaambiwa mji uko kando ya ziwa Victoria lakini tangu afike hajaliona hata mara moja. Gari hana, hela siyo nyingi, wikiendi hafanyi kazi. Anataka kujua waende wapi wakae waangalie maji, safari gani wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, watoto wanaweza kuogelea au la, na kwenda visiwa vya Kalangala inawezekana kwa siku moja?

Dada, karibu Kampala, na hilo la kukaa mjini bila kuliona ziwa wala usijishangae, karibu kila mtu anayehamia hapa akitokea mji wa ziwani analilalamikia. Kigoma mji wote umetazama majini. Kampala imejengwa juu ya vilima, alafu kati ya vilima na ziwa kuna mabonde ya mafunjo, na pale mji unapogusa maji kweli, Luzira, kuna jela kubwa na bandari ya Port Bell na viwanda, na ukija upande wa Ggaba na Munyonyo sehemu kubwa ya ufukwe ni mahoteli na majumba ya watu yenye kuta. Hakuna barabara ya kandokando ya maji ambayo mtu anatoka tu jioni na watoto akatembea. Kwa hiyo ziwa la Kampala inabidi ulifuate.

Kazi yangu ni kutembeza watu, wageni wa nje na wa hapahapa, na ninachowaambia wote ni hiki: usichague sehemu kwa jina la bichi, chagua kwa saa. Jua liko upande gani saa hiyo, upepo umeanza au bado, na barabara ya kurudi itakuwa imefunga au iko wazi. Mtu anaweza kwenda sehemu nzuri kabisa akaichukia kwa sababu alifika saa nane mchana siku ya Jumapili, jua la utosi, spika za huku na za kule zinashindana, alafu akarudi kwenye jamu ya masaa na watoto wanalia njaa. Sehemu hiyohiyo Jumamosi saa moja asubuhi utadhani umehama nchi.

Tuanze na jua maana wewe umelelewa na jua la Kigoma. Kule ziwa liko magharibi, jioni jua linashuka kwenye maji nyuma ya milima ya Kongo, na najua ndicho unachokitafuta. Sasa Ggaba na Munyonyo, ambazo ndizo kila mtu atakutajia kwanza, zimetazama mashariki. Jua linachomoza pale upande wa maji, jioni linazama nyuma yako, kwenye nyumba. Ndiyo maana mtu anaenda Ggaba saa kumi na mbili jioni kutafuta machweo anakuta giza tu na harufu ya samaki, anarudi amekasirika. Ggaba ni ya asubuhi. Na kwa vile tuko karibu kabisa na ikweta huhitaji kalenda, mwaka mzima jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na jioni linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, haibadiliki sana.

Basi nenda Ggaba Jumamosi moja mapema. Kutoka Kireka unaingia mjini, unachukua teksi ya Ggaba (teksi za huku ni zile Haisi za abiria 14, kwenu mngesema daladala), inapita Kabalagala, Kansanga, Bunga, inakushusha karibu na mwalo. Ukifika mapema utakuta maboti yanashusha mizigo kutoka visiwani na vijiji vya ng'ambo, samaki, mkaa, mananasi, watu wanabebwa mgongoni wasilowane viatu. Pembeni wanawake wanaparua magamba ya sato, huku anaitwa ngege, kisu kinaenda haraka mpaka magamba yanarukia mikononi na usoni, na nyuma yao wamesimama kalooli, wale ndege wakubwa wenye kipara na kifuko kinachoning'inia shingoni, wanasubiri utumbo utupwe. Watoto wako hapo watakaa nusu saa nzima bila kukuuliza tunaondoka saa ngapi. Sangara huku ni mputa, na mukene ni dagaa lakini siyo dagaa wa Kigoma, nakwambia mapema usije ukakosana na mtu sokoni, ladha ni tofauti na mchanga wakati mwingine upo maana wengine wanawaanika chini. Migebuka na kuhe sahau. Unachagua ngege wako mwenyewe akiwa mbichi, mnakubaliana bei, anakatwa mistari ubavuni anatiwa chumvi anazamishwa kwenye mafuta ya moto, mnamla na chipsi au muhogo na kachumbari. Bei kubalianeni kabla kisu hakijamgusa.

Ila pale Ggaba mguu usiingie majini, wala Port Bell, wala popote ndani ya ghuba ile. Inaitwa Murchison Bay, na mfereji wa Nakivubo unaopita katikati ya Kampala unatoa maji machafu ya mji, mvua na vinyesi na ya viwandani, unayapitisha kwenye kinamasi cha mafunjo mpaka ghubani. Zamani mafunjo yalikuwa yanachuja sana, sasa kinamasi kimelimwa na kujengwa, kwa hiyo mara nyingine utaona maji yamekuwa ya kijani kabisa. Angalia, kula, piga picha, basi.

Ukitaka machweo bila kutoka mjini panda juu. Muyenga na Buziga ni vilima vinavyoliangalia ziwa kutoka upande wa mji, na uzuri wa pale jioni ni kwamba jua linazama upande wa mjini huku ziwa upande wa pili linabadilika rangi polepole, unapata vyote viwili kwa kugeuza shingo. Kuna sehemu za kuagiza soda na kukaa, na hata barabarani pembeni unaona vizuri. Kwa mtu wa Kireka asiye na gari ni boda na teksi, siyo mbali sana, ila kurudi usiku na watoto wawili mimi ningechukua spesheli, yaani gari la kukodi. Pale Mengo kuna lile ziwa la Kabaka (mfalme wa Buganda) pia, dogo, limechimbwa kwa mikono ya watu enzi za Kabaka Mwanga miaka ya 1880, nia ilikuwa liunganishwe mpaka ziwa kubwa na halikufika. Ni zuri kwa jioni moja ukiwa na shughuli upande huo, sitakwambia ufunge safari.

Sasa Entebbe, na hapa ndipo nataka ukae vizuri usikilize maana kwa familia kama yako naona ndiyo jibu kubwa. Kutoka Kampala ni kama kilomita 40. Entebbe ni rasi, ardhi imeingia ziwani, kwa hiyo ina maji mashariki na maji magharibi, unaweza kuona jua likitoka majini asubuhi upande mmoja na jioni likizama majini upande mwingine, na kati ya pande hizo mbili ni bodaboda ya muda mfupi tu. Hakuna sehemu nyingine karibu na Kampala inayokupa hivyo.

Kwenda ni hivi. Ukipanda teksi utaingia mjini kwanza alafu ushike barabara ya zamani, Kibuye, Zana, Kajjansi, Abayita Ababiri, mpaka Kitooro. Asubuhi sana inakwenda, kuanzia saa mbili inaanza kuuma. Njia ya pili, mkiwa majirani wawili watatu mkachanga spesheli, kwa mtu wa Kireka una bahati ambayo watu wa katikati ya mji hawana: Northern Bypass, barabara ya mchepuko, inaanzia hapo kwenu Bweyogerere, unaizunguka Kampala yote mpaka Busega, na Busega ndipo Expressway ya Entebbe, barabara ya mwendo kasi, inapoanzia. Huingii mjini kabisa. Expressway ilifunguliwa 2018 na tangu Januari 2022 inalipiwa, gari dogo shilingi 5,000, na hio hela ni ndogo ukilinganisha na masaa utakayookoa.

Asubuhi nenda bustani ya mimea, ile Botanical. Ilianzishwa 1898, miti mingine ya mle ni mikubwa mpaka mtu unanyamaza, kuna kipande cha msitu wa asili na mimea ya kutambaa inaning'inia na tumbili wanarukaruka, na chini nyasi zinateremka mpaka maji yenyewe. Hakuna spika. Beba mkeka, chai ya chupa, chapati, mayai ya kuchemsha, hapo ndipo utajisikia upo nyumbani, maana mawimbi unayasikia. Chakula usikiache wazi tu, tumbili wa pale hawana aibu. Jirani yake ni ile wanayoita zu, kituo cha wanyamapori, kilianza 1952 kwa kulea wanyama walioachwa yatima au kukamatwa kwa majangili, na mpaka leo kazi hio ipo. Kuna vifaru, simba, sokwe, na kibonde chake kinafika ziwani. Beba kitambulisho cha Tanzania au paspoti, maana geti kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki na bei ya mgeni wa mbali, tofauti ni kubwa, na wewe unastahili ile ndogo. Useme mwenyewe, usisubiri wakuulize.

Mchana bichi zipo, Lido, Aero ile yenye ndege za zamani ambazo watoto wanapanda na kupiga picha, na nyingine. Jumamosi asubuhi na katikati ya wiki ni shwari. Jumapili mchana, Boxing Day, Idi, Pasaka, ni disko, hio ukiipenda ni sawa, ukitaka kuangalia maji utakosa. Na ufukwe wenyewe unabadilika, 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda sana, maji yalimeza bichi nyingi, vibanda vikabaki ndani ya maji, kwa hiyo picha nzuri ya zamani uliyotumiwa kwenye simu isikupe uhakika kwamba mchanga ule bado upo. Piga simu kwanza au muulize mtu wa boda wa Kitooro, wanajua kila kitu.

Alasiri vukeni upande wa magharibi, mwalo wa Nakiwogo. Na hapa kuna kitu watu wengi wa Kampala hawakijui kabisa: kuna kivuko cha serikali kinatoka Nakiwogo kwenda Buwaya ng'ambo ya ghuba ndogo, hulipi kitu. Kinabeba magari, boda, mbuzi, akina mama na matenga, na watoto wako watasimama kwenye chuma wakishika ukingo wanaangalia mafunjo yanapita. Nenda na rudi ni safari fupi, nzuri sana, na ni bure. Ulizeni tu kivuko cha mwisho cha kurudi kinaondoka saa ngapi siku hio, msije mkabaki ng'ambo. Mkirudi Nakiwogo jua litakuwa linashuka upande wa maji, dada, siyo milima ya Kongo lakini ni jua linazama ziwani. Ukiamua kulisubiri hadi mwisho basi kubali utafika Kireka usiku, au lala Entebbe, nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo nyingi kwa sababu ya uwanja wa ndege. Na ukiwa unazungukazunguka, Kigungu nayo iko ncha ya rasi, ndipo wamisionari wa kwanza wa Katoliki, Padri Lourdel na Bruda Amans, waliposhuka na mtumbwi 17 Februari 1879 wakitokea kusini mwa ziwa, kuna kanisa dogo na maji pande zote.

Kutoka Entebbe kuna safari mbili za boti ambazo zinastahili hela yake ukiwa umejiwekea akiba. Moja ni Ngamba, kisiwa cha sokwe, umbali kama kilomita 23, sokwe waliookolewa wanaishi msituni mle tangu 1998 na wageni mnaangalia wakilishwa kutoka kwenye jukwaa. Ni ghali kwa kweli, inabidi kubuku mapema, kwa familia ya mshahara wa kawaida ningesema ni ya mara moja, labda mgeni akija. Ya pili ni Mabamba, na hii mimi naipenda zaidi ya zote nilizozitaja. Ni kinamasi kikubwa cha mafunjo, na humo anaishi yule ndege wa kijivu anayefika karibu urefu wa mtoto wako wa miaka tisa, mdomo mpana mnene wenye ncha ya ndoano, kwa Kiganda bbulwe, vitabu vya Kiswahili vinamwita korongo-nyangumi. Anasimama palepale bila kusogea dakika nyingi, alafu ghafla anaanguka na mwili mzima majini, akiinuka ana kamongo mdomoni. Wavuvi wa pale zamani walikuwa wanamuua, waliamini ukikutana naye asubuhi siku hio hupati samaki. Sasa haohao na watoto wao ndio wanaopiga kasia na kumuonyesha kwa wageni, kwa hiyo akiwa hai analeta hela kijijini. Bei mara nyingi inahesabiwa kwa boti siyo kwa kichwa, tafuta wenzako mgawane. Fika saa moja au saa mbili asubuhi, mchana jua likipanda anajificha na wewe utaungua, mle ndani kivuli hakuna.

Nisisahau upepo. Huku upande wetu wa kaskazini ziwa asubuhi kwa kawaida limetulia, mchana joto likipanda upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi yanainuka, kwa hiyo boti dogo panda asubuhi, uwe umerudi nchi kavu kabla ya saa tisa. Kinyume chake ni dhoruba: radi nyingi za ziwa hili zinajengeka usiku na kufika kwetu alfajiri au asubuhi, hasa Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba. Ukiamka ukaona kusini kumekuwa kweusi, subirini, kunyweni chai, mara nyingi ikifika saa nne imeshapita. Mtumbwi usipande kabla.

Na laifujaketi. Hapa sitanii hata kidogo. Novemba 2018 boti la starehe lilizama kule Mutima upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu, limejaa kupita kiasi na wengi hawakuvaa. Kwa hiyo wewe mvishe mtoto mwenyewe, funga kamba zote, alafu mshike jaketi kwenye mabega umnyanyue kidogo. Jaketi likipanda mpaka masikioni na kidevu kikazama ndani, ni la mtu mzima, majini litamtoka. Uliza la mtoto. Wakikwambia hawana, shukeni. Nahodha atasema ni hapahapa tu dada, dakika tano tu, mwache aseme, mwambie asante na ushuke na watoto wako. Tangu 2017 wanajeshi waliwekwa ziwani kusimamia uvuvi, ukiwakuta Kiswahili wanakijua vizuri. Sokoni na mwaloni lakini anza na salamu ya Kiganda, oli otya ssebo kwa mwanamume, oli otya nnyabo kwa mwanamke, alafu ndio uingie na Kiswahili chako, utaona nyuso zinavyofunguka.

Jinja nayo kwako ni rahisi kuliko kwa wengi maana Kireka tayari uko kwenye barabara ya Jinja. Ni kama kilomita 80. Teksi zinatoka mjini zimejaa, kwa hiyo simama barabarani saa kumi na mbili asubuhi na siyo saa mbili. Mtapita Mukono, Lugazi, alafu msitu wa Mabira, na pale Najjembe vijana wataleta dirishani kuku wa mshikaki na gonja ya kuchoma, yaani ndizi, nunueni gonja ikiwa bado moto. Kabla ya mji kuna lile daraja jipya lililofunguliwa 2018, limeshikwa na nyaya, mita 525, linapendeza sana ila simu weka mfukoni, pale na kwenye bwawa la umeme la jirani kuna ulinzi na kupiga picha hawataki.

Chanzo cha Nile uende ukijua unachokwenda kuona. Watu wanategemea maporomoko. Yalikuwepo, Ripon Falls, ndiyo aliyoyaona Speke, mpelelezi Mwingereza, mwaka 1862, lakini bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 maji yalipanda yakayafunika. Unachokiona leo ni ziwa linalobana na kuwa mto, boti linakupeleka mpaka pale ambapo uso wa maji unaanza kusogea, unaona majani yaliyokuwa yametulia yanaanza safari, na maji hayo yanatembea kama miezi mitatu mpaka Mediterania, mto wote ni kilomita kama 6,650. Mimi bado nikifika pale nanyamaza. Kwenye bustani kuna sanamu ya Gandhi, sehemu ya majivu yake yalimwagwa pale 1948. Mji wa Jinja umekaa ukingo wa mashariki wa mto, maana yake jioni jua linazama ng'ambo ya Nile mbele ya macho yako, ndiyo machweo ambayo mimi nayaweka namba moja Uganda, lakini ukiyasubiri lala huko. Barabara ya Jinja Jumapili usiku, watu wote wanarudi Kampala na malori ya Kenya yanaingia, utakuta Mukono mpaka Kireka inasota. Kama ni siku moja ondoka Jinja saa tisa, saa kumi mwisho. Mkipenda maji yenye hasira, kuna Itanda kaskazini mwa Jinja, Nile inapasuka kwenye mawe kwa kelele mpaka mnaongea kwa kupiga kelele, ila mtoto wa miaka sita mshike mkono muda wote, mawe yanateleza na hakuna uzio.

Kuogelea sasa. Jibu langu ni bwawa la hoteli ndiyo, ziwani hapana, hasa watoto. Mbali na uchafu wa Murchison Bay kuna kichocho. Kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale watoto wanapopenda kucheza, na kinaingia kupitia ngozi bila mtu kuhisi kitu, dakika chache zinatosha. Unakijua maana hata Tanganyika kipo, lakini maji ya Kigoma ni angavu na mtu anazoea kuamini maji angavu, haya ya huku hata sakafu huioni. Kama wameshaingia usipanike, ila usikimbilie dawa kesho yake, prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa na wale wachanga wanaponyoka, kwa hiyo nenda kapime baada ya wiki sita mpaka nane, wakikuta utapewa kulingana na uzito wa mtoto. Na vile vidudu vya ziwani mtakavyoviona vimesimama juu ya maji mithili ya moshi, vinatoka sana karibu na mwezi mwandamo, having'ati, funga mdomo na madirisha tu.

Kalangala kwa siku moja haiwezekani dada. Meli ya MV Kalangala inaondoka Nakiwogo saa nane mchana, inatumia kama masaa matatu na nusu, inafika Lutoboka, bandari ya kule kisiwani, jua linakaribia kushuka, na kurudi ni kesho yake saa mbili asubuhi. Kwa hiyo ni kulala, na ukilala usiku mmoja tu umelala kweli, hujaona kisiwa, fanya usiku mbili, mfano Ijumaa mpaka Jumapili. Kabla ya kutoka Kireka uliza kama meli iko kazini wiki hio maana inapelekwa matengenezo, na fika Nakiwogo mapema, saa tano au sita, tiketi zinaisha. Njia ya Masaka kupitia Bukakata ina kivuko cha bure na ni kifupi, ila barabara ni ndefu, hio pia siyo ya siku moja. Subiri likizo ya shule ya Desemba au Januari, mvua zimepungua, na usipande Boxing Day.

Kama ningekuwa mimi na hao watoto wawili ningeanza Jumamosi hii na Ggaba saa moja asubuhi, nyumbani saa sita. Jumamosi inayofuata Entebbe, bustani asubuhi na kivuko cha Nakiwogo mchana. Jinja iache mwisho wa mwezi mshahara ukishaingia.